Neema Amani au Neema Skolastika? Jina la kati lina majirani wawili

Swali: Mimi na mume wangu tunatarajia mtoto wa kike. Jina la kwanza tumeshakubaliana kuwa ni Neema, lakini tumekwama kwenye jina la kati. Mimi napenda Amani kwa sababu naona maana zake zinaendana. Mume wangu anataka Skolastika, jina la marehemu mama yake. Dada yangu naye anasema tumwite Neema Naima kwa kuwa "yanaimba". Jina la ukoo naomba usilitaje, ila lina silabi tatu, linaanza na Ma- na linaishia na -ika. Je, kuna kanuni ya kujua jina gani la kati linaendana na jina la kwanza la msichana? Na kama jina la mama mkwe halikai vizuri, nimwambieje mume wangu bila kumwumiza?

Jibu:

Dada yangu, asante kwa swali lililoandikwa kwa makini. Umenipa hata mwanzo na mwisho wa jina la ukoo, jambo ambalo wengi hulisahau, na kumbe sehemu kubwa ya jibu iko hapo. Nitaweka Manyika mahali pa jina lenu, kwa kuwa lina silabi tatu, mwanzo ule ule na mwisho ule ule, ili tuwe na kitu cha kutamka.

Nianze na kosa ninaloliona karibu katika kila swali la aina hii. Mzazi hulichukua jina la kwanza akalijaribisha na majina ya kati, moja baada ya jingine: Neema Amani, Neema Naima, Neema Skolastika. Sikio likiridhika, anaona kazi imekwisha. Lakini jina la kati lina majirani wawili. Upande mmoja liko jina la kwanza, upande wa pili liko jina la ukoo, na mara nyingi ugomvi hutokea upande huo wa pili, ambao hakuna aliyeusikiliza. Hebu tamka jina zima kwa sauti, bila haraka: Neema Skolastika Manyika. Mwanzo ni mzuri kabisa. Kisha zinakuja -tika na -nyika, vina viwili vinavyofuatana papo hapo. Kwenye shairi vina ni utamu. Kwenye jina la mtu mzima linalosomwa mbele ya watu, vina vilivyobanana namna hiyo humfanya msikilizaji ashike mlio badala ya jina. Huyo binti atalibeba jina lake hadi uzeeni, kwa hiyo jambo hili si dogo.

Sikusemi wewe wala mumeo. Skolastika ni jina zuri, na likikaa peke yake na Neema halina dosari hata moja. Shida yake ni jirani wa upande wa pili tu, na shida ya jirani mmoja ina dawa. Nitaifikia.

Kwanza hakikisheni kwamba nafasi hiyo ya katikati ni yenu kuijaza. Kuna sehemu nyingi duniani ambako haichaguliwi, inafuata jina la baba. Valentina Vladimirovna Tereshkova, mwanamke wa kwanza kwenda anga za juu, mwaka 1963, aliitwa Vladimirovna kwa sababu baba yake alikuwa Vladimir, basi. Wangari Muta Maathai, aliyepata Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2004, alibeba Muta kutoka kwa baba yake. Familia ya namna hiyo haichagui jina la kati lifuate la kwanza. Inafanya kinyume chake, inachagua la kwanza litakalokaa vizuri na mawili ambayo tayari yapo. Kwa kuwa ninyi mnajadili Amani na Skolastika, nachukulia kwamba nafasi iko wazi.

Sasa, jina hili la ziada lina kazi gani? Ukijua kazi yake, uchaguzi unakuwa mwepesi. Warumi wa kale waliwapa wanaume wao majina matatu, kama Gaius Julius Caesar, lakini binti kwa kawaida alibeba jina la ukoo tu kwa umbo la kike. Caesar alikuwa na dada wawili, na wote waliitwa Julia. Wanahistoria huwatenganisha kwa kusema Julia Mkubwa na Julia Mdogo. Binti yake pia alikuwa Julia. Ukisoma habari za ukoo huo unaelewa mara moja pengo ambalo jina la pili linaliziba: linamtofautisha mtu na wenzake wenye jina kama lake.

Kazi ya pili naithamini zaidi. Jina la kati ni akiba. Ruth Bader Ginsburg, aliyekuwa jaji wa Mahakama ya Juu ya Marekani tangu 1993 hadi alipofariki mwaka 2020, alizaliwa mwaka 1933 akaitwa Joan Ruth Bader. Alipoanza shule ya chekechea, darasani mlikuwa na akina Joan kadhaa, ndipo mama yake akapendekeza mwalimu amwite Ruth. Jina la kati likawa jina la maisha, na ndilo ulimwengu ulilomjua nalo. Angalia kilichowezesha jambo hilo: Ruth lilikuwa jina linaloweza kusimama peke yake. Kama wazazi wake wangeweka pale katikati jina la kujazia nafasi tu, msichana huyo asingekuwa na pa kwenda.

Kwa hiyo kanuni uliyoniomba, kama ni lazima iwe moja, ni hii: chagueni jina la kati kwa ukali ule ule mliotumia kwenye jina la kwanza. Jiulizeni kama mngekuwa radhi kumwita kwa hilo peke yake, kila siku, kwa sauti ya upendo na kwa sauti ya kumkanya. Jina lisilopita hapo lisiingie, hata kama lina mlio mzuri.

Neema ni jina linalopendwa, na ni rahisi binti yenu kukutana na Neema wengine darasani na kazini. Jina la kwanza likiwa la wengi, la kati linafaa liwe la wachache. Hapo Amani inapungukiwa, maana nayo imeenea, tena kwa wavulana na wasichana. Skolastika inashinda bila mashindano. Ukisema Neema Skolastika, hakuna atakayeuliza ni Neema yupi. Naima iko katikati.

Tuje kwenye sikio lenyewe, kwa sababu ndilo ulilouliza. Ushauri mwingi unaozagaa kwenye intaneti umetoka kwa wazungumzaji wa Kiingereza, nao husema jina la kati liwe fupi, ikiwezekana silabi moja: Rose, Grace, Jane, Anne. Kwao una mantiki, kwa sababu majina yao ya kwanza ya kike mengi ni marefu, na silabi moja nzito katikati huwapa pumzi. Lakini kinywa kinachosema Kiswahili hakilei majina ya silabi moja. Rose inakuwa Rozi, Grace inakuwa Gresi, Jane ni Jeni, Anne ni Ana. Ile silabi moja imezaa mbili, na mdundo wote umebadilika. Ukiufuata ushauri ule bila kuupima kwa ulimi wako, utapata jina linalovutia kwenye karatasi na kujikwaa mdomoni.

Ulimi wetu una mdundo wake. Mkazo wa Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, karibu kila mara. Basi kila jina linapanda kabla tu ya mwisho, kisha linashuka: ne-E-ma, a-MA-ni, ma-NYI-ka. Majina matatu yenye silabi tatu kila moja yakifuatana, yanapanda na kushuka mahali pale pale, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Sikio linazoea na kuacha kusikiliza. Ili limsikilize mtoto wenu, jina la katikati libadilishe mwendo. Kama majirani wake wana silabi tatu, lenyewe liwe na mbili au nne. Msichana mwenye jina fupi kama Asha anavumilia jina refu kidogo baada yake, Asha Rehema au Asha Magdalena. Mwenye jina refu kama Anastazia anafaidika na fupi, Anastazia Rozi. Wangari Muta Maathai ni mfano mzuri hata kama Muta haikuchaguliwa kwa ajili ya mlio: jina fupi la silabi mbili limekaa kati ya mawili marefu, nalo jina zima linatamkika kwa raha.

Baada ya urefu, sikiliza maungio. Majina yetu mengi ya kike yanaishia na irabu, na mara nyingi irabu hiyo ni a. Jina linalofuata likianza na a, irabu mbili zinashikana na mpaka kati ya majina unapotea. Neema Amani ikisemwa kwa kasi ya kawaida inasikika "Neemamani", na anayeandika kwa kusikia hatajua wapi la kwanza limeishia. Wala msikimbilie Imani mkidhani mmepona. A na i zikikutana katika lugha hii huvutana kuelekea e, kama vile ma- na -ino zilivyozaa meno. Jina la kati linaloanza kwa konsonanti huokoa jambo hilo lote, maana konsonanti huweka mpaka unaosikika.

Tena kuna mrudio wa silabi, ambao macho hayauoni upesi lakini sikio haliuachi. Andika Neema Amani Manyika kwa silabi zake: ne-e-ma-a-ma-ni-ma-nyi-ka. Silabi tisa, na ma imo mara tatu. Jina la kwanza linaishia nayo, la kati lina yake ndani, na la ukoo linaanza nayo. Zaidi ya hapo, -mani ya Amani na Manyi- ya Manyika zinafuatana kama mtu anayerudia neno kwa kigugumizi. Kila jina lina haki yake likiwa peke yake, ila matatu pamoja hayakai.

Naima ina tatizo la jirani wa upande wa kwanza. Dada yako amesikia vizuri kwamba yanaimba, na mpe shukrani kwa kutumia masikio. Lakini yanaimba kwa sababu ni karibu jina moja lililobadilishwa irabu: n, kisha m, kisha a mwishoni. Ukiita Neema kutoka chumba cha pili, kisha ukaita Naima, mtoto hatajua umemwita kwa jina lipi. Nayo akiba inapotea: siku akichoka na Neema, Naima haimpeleki mbali. Herufi ya kwanza kufanana si dhambi, na Neema Nuru lisingekuwa jina baya, lakini herufi, mwendo na mwisho vikifanana vyote, mmempa jina moja mara mbili.

Maana. Ulisema Neema na Amani zinaendana, na ni kweli zinaendana, pengine kupita kiasi. Ni maneno mawili yanayofuatana katika salamu zinazofungua nyaraka za Mtume Paulo, na yeyote aliyezoea kuzisikia zikisomwa atazisikia humo. Kuna familia zitakazopenda hilo kwa dhati, na sina neno nao. Tahadhari yangu ni kwamba majina yetu mengi ya kike ni maneno ya kawaida ya lugha, na maneno yakipangwa pamoja hujenga sentensi hata kama hukukusudia. Furaha na Tabu, kila moja ni jina la heshima. Yaweke pamoja, yanakuwa taarifa. Siri na Wazi, vivyo hivyo. Angalieni na jina la ukoo, kwa kuwa nalo huenda ni neno. Mimi hupendelea jina moja libebe maana inayosikika waziwazi, na la pili libebe mtu, yaani kumbukumbu ya fulani. Maana inaeleweka na wote, mtu anaeleweka na wa nyumbani. Neema tayari inabeba maana, kwa hiyo nafasi ya katikati mpeni mtu.

Hapo ndipo namwunga mkono mumeo, na nataka ujue kwamba sifanyi hivyo ili kuleta suluhu ya haraka kati yenu. Nafasi ya katikati imekuwa kimbilio la majina ya wazee kwa muda mrefu, kwa sababu nzuri. Jina lililozeeka kidogo, ambalo mzazi angesita kuliweka mbele, hukaa pale kwa heshima bila kumlemea mtoto. Michelle LaVaughn Obama amebeba LaVaughn ya bibi yake mzaa baba. Malkia Elizabeth II, aliyezaliwa mwaka 1926, aliitwa Elizabeth Alexandra Mary: Elizabeth la mama yake, Alexandra la mama wa babu yake, Mary la bibi yake mzaa baba. Wanawake watatu wa vizazi vitatu ndani ya jina moja, na msikilize pia mwendo wake, marefu mawili kisha fupi la kufungia.

Basi swali la kweli kwenu si kama Skolastika iingie. Swali ni iingie kwa umbo gani ili isipigane na -ika ya ukoo wenu.

Njia ninayoipenda kuliko zote ni Skola. Wanawake wengi walioitwa Skolastika wameitwa Skola na watu wao wa karibu, na kama mama mkwe wako alikuwa mmoja wao, kazi imekwisha. Sikiliza: Neema Skola Manyika. Silabi tatu, mbili, tatu. Mkazo wa Skola uko kwenye silabi yake ya kwanza kabisa, kwa hiyo mara tu baada ya Neema kushuka, sauti inapanda tena papo hapo, mwendo unabadilika. Sk ya mwanzo inaweka mpaka ulio wazi baada ya a ya Neema. Kina cha -tika kimeondoka, hakuna kinachogongana na Manyika. Na Skola inasimama peke yake: msichana anaweza kuitwa Skola tangu utotoni hadi anapostaafu. Muulize mumeo mama yake aliitwaje nyumbani, na muulize kabla hujatoa pendekezo lolote. Kama marehemu hakuwahi kuitwa Skola, au hakupenda jina lake likatwe, iache njia hii kabisa. Kumkumbuka mtu kwa umbo alilolikataa si kumkumbuka.

Njia ya pili ni kubadilishana nafasi: Skolastika Neema Manyika. Vina vilivyokuwa vimebanana sasa vimetenganishwa na Neema, na ule mgongano umepungua sana. Jina la mama linapata heshima ya mbele, nanyi mnaendelea kumwita Neema nyumbani. Gharama yake ni kwamba kila atakapoitwa na mtu anayesoma karatasi, jina litakalotajwa kwanza litakuwa Skolastika, na itamlazimu kueleza kwamba anaitwa Neema. Watu wengi wanaishi hivyo bila shida. Wengine wanachoka. Mkiichagua, ichagueni mkijua.

Kuna ya tatu, nayo huwa inasahaulika: mama mkwe wako huenda alikuwa na jina jingine. La utotoni, la ukoo wake wa kuzaliwa, au la kuitwa na wajukuu. Mara nyingi jina lililoandikwa kwenye vyeti silo watu walilompenda nalo. Au kama alimpenda sana somo wake, Mtakatifu Skolastika, ambaye sikukuu yake ni Februari 10, basi kaka wa mtakatifu huyo alikuwa Benedikto wa Nursia, na Benedikta ni jina la kike lenye silabi nne lisilogongana na -ika. Lakini kwa hakika huko tumeshafika mbali na mama, na mumeo atakuwa na haki ya kusema hivyo.

Watu wengine huhifadhi herufi tu. Rais Harry S. Truman wa Marekani alipewa S isiyosimama badala ya jina lolote, wazazi wake wakiwa wamewaridhisha babu zake wawili kwa herufi moja, Anderson Shipp Truman na Solomon Young. Kwenu ingekuwa kutafuta jina linaloanza na S, mfano Salome au Selina. Sioni kama linatosha. Herufi haimwambii mtoto chochote kuhusu bibi yake mpaka aelezwe, na mumeo anaomba zaidi ya herufi.

Kuhusu kumwambia mumeo: usimwambie kwamba jina la mama yake halikai. Mtu aliyefiwa na mama akisikia hivyo anasikia kwamba mama hakai. Anza na ndiyo. Mwambie jina la mama litakuwemo, umeshaamua hivyo na hutarudi nyuma. Kisha mwombe alitamke jina zima, yote matatu, kana kwamba anamtambulisha binti yake mbele ya ukumbi uliojaa watu. Usimwongoze, usimwoneshe -ika. Atasikia mwenyewe, na kitu ambacho mtu amekisikia kwa masikio yake hakina haja ya kubishaniwa. Asiposikia dosari yoyote, au akaisikia na bado akalipenda jina zima lilivyo, mkubalie. Vina viwili ni kasoro ya mlio, na mlio ni mdogo kuliko mama. Naliandika hili kwa uzito wote, ingawa nimetumia kurasa nzima kukufundisha kusikia kasoro hiyo.

Mambo mawili ya karatasi, kwa haraka. Herufi za mwanzo: ziandike tatu pamoja muone kama zinasomeka neno. Mbu na nzi ni herufi tatu tatu tu, na watoto wa shule huziona kabla ya wazazi. N.S.M. haina neno, mko salama.

La pili ni tahajia. Hofu kwamba Skolastika ni refu mno kwa hati haina msingi. Kwenye pasipoti inayosomwa na mashine, mstari wa jina una nafasi 39, jina la ukoo likitangulia, kisha alama mbili za kutenganisha, kisha majina mengine yakiachana kwa alama moja moja. Manyika, Neema na Skolastika pamoja na alama zake zinachukua nafasi 25. Mashine hiyo haina hata sehemu ya jina la kati, inaona jina la ukoo na kundi la majina mengine tu. Kinachosumbua watu miaka yote ni jina moja kuandikwa namna mbili: cheti cha kuzaliwa kinasema Scholastica, cha shule kinasema Skolastika, kitambulisho kinasema Schola. Mashine hiyo pia haitambui ritifaa, kwa hiyo jina lenye ng' litaandikwa NG bila alama yake, na kwa majina kama hayo ni vizuri mzazi ajue mapema ili mtoto asije akadhani kuna kosa. Kama vyeti vya marehemu vinasema Scholastica, mtalazimika kuamua: kufuata maandishi yake ya zamani au kuandika kama mnavyotamka. Mimi ningeandika Skola, kwa k, kwa sababu asiyelijua jina ataliandika hivyo hivyo baada ya kulisikia, na mtoto hatakuwa akilitaja kwa herufi moja moja kila dirishani.

Jaribio la mwisho kabla ya kujaza fomu ni la simu. Mpigie mtu asiyejua mjadala wenu, mtajie jina zima mara moja tu kwa kasi ya kawaida, umwombe aliandike na akutumie picha ya alichoandika. Fanya hivyo kwa Neema Amani, kwa Neema Skola na kwa Skolastika Neema, kila moja kwa mtu tofauti, kila moja likiwa na jina lenu halisi la ukoo. Utaona wapi majina yameungana, wapi herufi imebadilika, na lipi limefika upande wa pili jinsi lilivyotoka kinywani mwako. Amani, ikiwa bado unaipenda baada ya hapo, iandike pembeni kwa ajili ya mtoto atakayefuata. Ni jina linalostahili kukaa mbele.